Redio ya friza ya Kilwa Kisiwani: shajara ya mradi, Julai hadi Oktoba 2024

Alhamisi, 4 Julai

Leo nimewasilisha mpango wa mradi kwenye semina ya utafiti. Semina zetu ni kila Alhamisi saa nane mchana, na zinakutanisha vikundi vitatu ambavyo siku nyingine hupishana tu kwenye ngazi: watu wa nishati endelevu, watu wa kompyuta, na sisi wa mawasiliano yasiyotumia waya.

Mradi wenyewe ni huu. Kikundi cha wavuvi na wakusanya pweza wa Kilwa Kisiwani wana friza inayoendeshwa na sola. Ikipata hitilafu usiku hakuna anayejua mpaka asubuhi, na pweza aliyeyeyuka mnunuzi hamtaki. Tunataka kifaa kidogo kipime joto la ndani ya friza na volti ya betri zake, kisha kila dakika 10 kitume taarifa kwa redio ya LoRa, aina inayotuma ujumbe mfupi mbali kwa umeme mdogo, hadi Kilwa Masoko, upande wa pili wa mlango wa bahari, kilomita 2.2. Huko tutaweka mpokezi wenye intaneti. Joto likipanda juu ya nyuzi −10, Mama Katibu wa kikundi apate ujumbe kwenye simu yake.

Nimeulizwa kwa nini nisiweke laini ya simu moja kwa moja kwenye kifaa. Modemu ya simu inapotuma huweza kuvuta hadi ampea 2 kwa mkupuo, na laini inataka vocha kila mwezi. Redio ya LoRa haina bando wala ada, na ujumbe wetu wa baiti 20 unachukua milisekunde 57 tu hewani. Wenzangu wa nishati wamelipenda jibu hilo.

Wamependa zaidi nilipoonyesha kwamba kwa kilomita 2.2 za bahari tupu, hesabu ya upotevu wa mawimbi kwenye masafa ya 868 MHz inatoa desibeli 98 tu, na mpokezi wetu kwenye karatasi anasikia hadi −123 dBm. (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi: namba ikizidi kwenda chini ya sifuri, mawimbi ni dhaifu zaidi.) Akiba ni kubwa. Kwa hiyo nimeamua kushusha nguvu ya redio kutoka 13 dBm hadi 7 dBm ili kubana umeme. Ukumbi umekubali kwa makofi. Msimamizi wangu peke yake ndiye aliyeandika kitu kwenye daftari lake bila kusema.

Alhamisi, 11 Julai

Semina ya leo ilikuwa ya watu wa nishati: bwawa la Julius Nyerere, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, mtambo wa kwanza ukiwa umeanza kazi mapema mwaka huu. Mjadala mzuri ulikuwa juu ya nyaya za kusafirisha umeme huo kuliko bwawa lenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi nakaza skrubu za boksi. Keshokutwa safari.

Jumamosi, 13 Julai. Kilwa

Basi limetoka Dar alfajiri. Tumepita Somanga, mahali bomba la gesi ya Songo Songo linapoingia nchi kavu kutoka baharini. Gesi hiyo iligunduliwa 1974 na tangu 2004 inazalisha umeme Ubungo. Kila nikipita hapo nawaza kwamba nyumba yetu Dar imewashwa miaka yote hii na wilaya ya Kilwa, na mimi leo narudi Kilwa na paneli ya wati 1 mkononi.

Mpokezi tumemfunga Masoko juu ya paa la nyumba iliyoko kwenye mwinuko, antena ikiwa mita 32 juu ya usawa wa kati wa bahari. Mbele yake kuna minazi, lakini mahali pengine hapakupatikana. Kisha tukavuka kwa mashua.

Kisiwani ukishuka unakutana na Gereza, ile ngome ya kale, na kuanzia hapo kila hatua ni magofu. Eneo hili ni Urithi wa Dunia tangu 1981, hivyo hatukufunga chochote karibu na ukuta wowote wa kale. Kibanda cha friza kiko mbali na magofu, karibu na pwani. Tumesimamisha bomba la chuma la mita 7 kando yake. Mwenzangu alipendekeza mita 4, mimi nikasisitiza 7, maana tumefundishwa kwamba antena ikiwa juu zaidi inasikika mbali zaidi. Kimo cha antena juu ya usawa wa kati wa bahari: mita 10.

Saa kumi na nusu jioni pakiti ya kwanza, yaani ujumbe mmoja wa kifaa, ikafika Masoko: −101 dBm. Nimepiga kelele za furaha mpaka watoto wakaja kuangalia. Mama Katibu ameshika simu kwa mikono miwili akisubiri ujumbe wa majaribio, na ulipoingia akausoma kwa sauti, herufi kwa herufi.

Alhamisi, 18 Julai

Siku tano, pakiti 720 zilizotumwa, 720 zimepokelewa. Nimezionyesha kwenye semina. Mwanafunzi wa uzamivu wa upande wetu akasimulia rekodi ya Venezuela ya 2007, kilomita 382 kwa Wi-Fi ya kawaida kutoka mlima hadi mlima. Watu wakatoka wakisema kilomita 2 si kitu.

Alhamisi, 25 Julai

Pakiti chache zimepotea kati ya Jumatatu na jana. Nimedhani ni umeme wa mpokezi kule Masoko. Sikufuatilia.

Ijumaa, 9 Agosti

Jana ilikuwa Nane Nane, hakuna semina, na nashukuru, maana sikuwa na uso wa kusimama mbele ya watu.

Jumatano asubuhi mfuniko wa friza haukufungwa sawasawa baada ya kupakia. Joto likapanda. Kifaa kilipima vizuri, kumbukumbu yake ya ndani inaonyesha hivyo, lakini tangu saa tatu na nusu hadi karibu saa sita hakuna hata pakiti moja iliyofika Masoko. Ujumbe kwa Mama Katibu ulimfikia saa sita. Ndoo mbili za pweza zilikuwa zimelainika.

Nilimpigia simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiki chombo chako mbona kinalala mchana?"

Hakunilaumu. Alisema tu kwamba siku hizi ndizo za pweza, friza inajaa, na zikipita hizi mpaka wiki mbili tena. Nimeandika maneno hayo hapa kwa sababu niliyaandika pembeni ya daftari wakati naongea naye, na nikaendelea kutafuta kosa kwenye programu.

Nilichokipata mpaka sasa: tangu Jumatatu kuna pengo asubuhi na pengo jingine usiku, kila moja la saa mbili na nusu hadi tatu. Na kila siku pengo linachelewa. Jumatatu katikati yake ni kama saa nne kasoro, Jumanne saa nne na nusu, jana saa tano na ushei. Kitu kinachochelewa kidogo kidogo kila siku kinanifanya nishuku saa ya ndani ya kifaa.

Alhamisi, 15 Agosti

Semina ngumu kuliko zote. Nimeweka grafu, nimesema tatizo, nimeomba msaada.

Dhana zilizotolewa: joto la mchana linaathiri bodi (lakini pengo la usiku je?). Msongamano wa mtandao wa simu Masoko (lakini mpokezi huhifadhi pakiti mtandao ukikatika, na hizi hazikumfikia kabisa). Saa ya kifaa inachelewa (nimelinganisha na saa ya mpokezi, tofauti ni sekunde 2 kwa mwezi). Betri ya kifaa inaishiwa. Hapo mhadhiri wa nishati akanikatisha kwa upole.

"Umesema ulishusha nguvu ya redio ili kuokoa umeme. Umeokoa kiasi gani?"

Nikataja tofauti ya milliampea kutoka kwenye jedwali la mtengenezaji: 29 kwa 20.

"Hiyo ni wakati inatuma. Nauliza kwa siku nzima. Na ikiwa imelala inakula ngapi? Umepima, au umekisia?"

Nilikuwa nimekisia. Nimemwambia hivyo mbele ya wote. Akasema, "Basi wiki ijayo tuletee namba." Msimamizi wangu akafungua daftari lake lile, akanionyesha alichoandika tarehe 4 Julai: *Umeme wa usingizini?*

Mapengo yenyewe, kwa namna ya ajabu, yameisha tangu Jumapili. Mawasiliano ni safi kabisa. Hili linanitia wasiwasi zaidi kuliko yangeendelea.

Jumamosi, 17 Agosti. Maabara

Tulitengeneza vifaa viwili pacha, kimoja kimebaki hapa. Nimekata waya wa betri, nikaingiza multimita katikati, nikasubiri bodi ilale.

Nilitarajia kuona namba ya mikroampea. Multimita imesoma milliampea 7.4.

Nimeirudia mara nne. Kisha nikaanza kutoa kitu kimoja kimoja. Taa ndogo nyekundu iliyoko kwenye bodi, ile inayoonyesha tu kwamba umeme upo, inakula 2.3. Nimeing'oa kwa ncha ya kisu, multimita ikashuka hadi 5.1. Zilizobaki karibu zote ni za regyuleta ya volti, kile kipande cheusi chenye miguu mitatu na bapa la chuma mgongoni ambacho kiko kwenye karibu kila bodi ya bei nafuu utakayoinunua Kariakoo. Kinafanya kazi yake vizuri sana, ila hakilali. Mchana na usiku kinakunywa milliampea 5 hata kama hakuna anayekihitaji.

Hesabu niliyopaswa kuifanya mwezi uliopita ndiyo hii. Kwa siku kifaa kinatuma mara 144, kila mara milisekunde 57, jumla sekunde 8 na kidogo. Kwa 13 dBm redio ingekula 0.066 mAh (milliampea-saa) kwa siku. Kwa 7 dBm inakula 0.046. Nimeokoa 0.02 mAh kwa siku. Usingizini kifaa kinakula 178.

Nimeketi na namba hizo muda mrefu. Desibeli 6 nilizozitoa kwenye redio zilikuwa kinga ya mawasiliano yetu, na nilizitoa ili kuokoa kiasi ambacho taa nyekundu inakimaliza kwa nusu dakika.

Jioni nimebadilisha regyuleta, nimeweka aina inayojitumia mikroampea 2 hivi. Kuitoa ya zamani si kazi ndogo, bapa lake linanyonya joto lote la chuma cha solda. Sasa kifaa pacha kikilala kinakula 0.02 mA.

Alhamisi, 22 Agosti

Hii ndiyo siku ya mradi huu.

Nimewasilisha namba za umeme, na mhadhiri wa nishati akaomba nizirudie polepole ili wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uzamili waandike. Halafu nikasema kwamba mapengo yamerudi. Jumanne yalianza, jana yamekuwa makubwa, leo asubuhi pia. Safari hii nilikuwa nimeyachora kwa namna nyingine: kila siku mstari wake, siku ya jana chini ya juzi, saa zikienda kutoka kushoto kwenda kulia. Mahali pakiti zilipopotea nimepaka nyeusi. Ukutani ikatokea michirizi miwili iliyoinama, inateremka kulia, inapotea kwa wiki nzima, kisha inaanza tena kushoto kama mwanzo.

Kimya. Mmoja akasema labda ni ratiba ya mashine fulani Masoko.

Fundi wetu wa maabara alikuwa amesimama mlangoni. Yeye huja kuwasha projekta na kuizima, na kwa kawaida hukaa nje semina ikiendelea. Ni mtu mzima, kwao Mafia. Akasema, si kwa sauti kubwa:

"Hilo bamvua hilo."

Profesa anayeongoza semina akamgeukia. "Sema tena, Mzee."

"Hayo ni maji. Bamvua, siku zile maji yanapojaa sana na kupwa sana, linakuja kila baada ya siku kumi na nne, kumi na tano. Maji ya bamvua pwani yetu yanakupwa saa nne asubuhi na saa nne usiku, kesho yake yanachelewa, yanachelewa hivyo hivyo mpaka maji mafu, siku ambazo hayajai sana wala hayakupwi sana. Hizo nyeusi zako ni wakati wa maji kupwa. Na ile wiki nyeupe ni maji mafu."

Mwenzetu wa kompyuta alikuwa na laptopu wazi. Data ya mapengo nilikuwa nimempa wiki iliyopita ili aitafutie mzunguko. Akainua kichwa, akasema programu yake imempa saa 12 na dakika 25, na alidhani imekosea kwa sababu namba hiyo haina maana yoyote ofisini wala mtandaoni. Fundi akasema, "Ndiyo maji hayo."

Nikakumbuka maneno ya Mama Katibu niliyoyaandika pembeni ya daftari. *Siku hizi ndizo za pweza. Zikipita, mpaka wiki mbili tena.* Pweza hukusanywa kwa miguu juu ya miamba, maji yakikupwa sana, na hayakupwi sana ila bamvua. Redio yetu ilikuwa inanyamaza saa zile zile wakina mama wanapanda kutoka mwambani na ndoo, siku zile zile friza imejaa. Nilikuwa nimeambiwa tarehe 9 nikaendelea kuhangaika na saa ya kifaa.

Profesa amemwekea fundi kiti ndani. Mjadala umekwenda hadi saa kumi na moja.

Alhamisi, 29 Agosti

Wiki ya hesabu. Lililonitatiza ni kwamba nilitegemea kinyume: maji yakijaa ndiyo yangeziba njia. Kumbe yakijaa mawasiliano ni mazuri, yakikupwa yanakufa.

Maelezo yako kwenye kuakisi. Mawimbi yanayotoka Kisiwani yanafika Masoko kwa njia mbili: moja inakwenda moja kwa moja hewani, nyingine inagonga uso wa bahari na kuruka. Wimbi lililogonga maji linarudi limepinduka, kilima chake kimekuwa bonde. Ya pili ina safari ndefu kidogo, na urefu huo wa ziada ni mara mbili ya kimo cha antena moja mara kimo cha nyingine, gawanya kwa umbali. Vimo hivyo vinahesabiwa kutoka usawa wa maji ya saa ile. Bahari ikishuka, antena zote mbili "zinapanda".

Wimbi la 868 MHz lina urefu wa sentimita 34.5. Safari ya ziada ikiwa sawasawa na sentimita 34.5, kwa kuwa moja limepinduka, mawimbi mawili yanakutana kilima na bonde, na yanauana. Sasa tazama:

Maji yakiwa usawa wa kati, vimo ni 32 na 10, safari ya ziada ni sentimita 29. Tuko salama. Maji yakishuka mita 1.4 chini ya hapo, vimo vinakuwa 33.4 na 11.4, safari ya ziada ni 34.6. Shimoni. Maji mafu hayafiki mita 1.4, kwa hiyo wiki ile nyeupe. Bamvua la Julai lilikuwa dogo, likagusa tu. La Agosti limeingia.

Rekodi ya Venezuela ilipita kilomita 382 kati ya vilele vya milima. Sisi kwa kilomita 2.2 tuna kioo cha chumvi kinachopanda na kushuka katikati yetu.

Semina imegawanyika vizuri juu ya dawa. Watu wa kompyuta wanataka kifaa kihifadhi data na kuituma maji yakijaa, hata kifundishwe jedwali la maji. Ni wazo zuri kwa takwimu, lakini onyo la friza haliwezi kusubiri saa tatu. Watu wa nishati, sasa tukiwa na umeme wa kutosha baada ya kubadilisha regyuleta, wanasema turudishe nguvu ya redio. Itasaidia, ila shimo lenyewe linabaki palepale. Mimi nimesimama na dawa ya tatu, ambayo inatoka kwenye hesabu hiyo hiyo: tushushe antena ya Kisiwani kwa mita 3. Kimo kikiwa 7 badala ya 10, hata maji yakishuka mita 2 safari ya ziada haizidi sentimita 28. Shimo linahamia mahali bahari haifiki.

Kushusha antena ili isikike. Nimeona nyuso zikikunjamana. Msimamizi wangu akasema dawa hiyo haitakubalika mpaka tuonyeshe kwamba hesabu inajua jambo ambalo sisi bado hatujaliona. Akauliza: bamvua likiwa kubwa kuliko la Agosti, hesabu inasema nini?

Inasema hivi: maji yatalipita shimo na kuendelea kushuka. Kwa hiyo pengo halitakuwa refu zaidi, litapasuka vipande viwili. Mawasiliano yatakufa maji yakipwa, yatafufuka pale maji yanapokuwa chini kabisa, yatakufa tena yakianza kujaa. Data ya tarehe 21 Agosti ina pakiti tatu katikati ya pengo ambazo sikuwa nimezijali.

Mwezi mpevu wa 18 Septemba uko karibu sana na dunia, na ni majira ambayo bamvua ni kubwa. Tumekubaliana: hatugusi chochote kabla ya hapo.

Alhamisi, 5 Septemba

Maandalizi tu. Nimenunua nyaya na konekta za antena. Mama Katibu nimemweleza kwa simu tatizo ni nini. Akacheka sana, akasema, "Kumbe chombo nacho kinakwenda na maji kama sisi." Mpaka tutakapofika, zamu ya kuangalia friza asubuhi za bamvua inashikwa na binti yake.

Ijumaa, 20 Septemba. Kisiwani

Tumelala hapa tangu jana. Mwenzangu yuko Masoko kwa mpokezi, mimi niko kwenye kibanda, tunaongea kwa simu. Kifaa tumekiweka kitume kila dakika 1 kwa leo.

Nilichomeka kijiti chenye alama za rangi kwenye maji tangu saa mbili kasoro, lakini kijiti kilibaki juu ya mchanga mapema sana na ikabidi nimfuate nahodha anionyeshe gogo la gati ambalo yeye hulipimia. Ufuo unaachwa wazi mbali kwa jinsi ambavyo sikuwa nimewahi kuona. Wanawake walikuwa tayari kule kwenye mwamba, madoadoa ya kanga mbali kabisa, wakichokoa mashimo kwa vijiti vya chuma.

Saa mbili na nusu: −104. Saa tatu kasoro robo: −112. Saa tatu kasoro dakika tano mwenzangu akasema, "Zimeanza kukatika." Saa tatu na dakika mbili, kimya.

Nikasubiri. Nahodha alikaa nami kwenye kivuli, akauliza tunangoja nini. Nikamwambia nangoja maji yaendelee kukauka. Akasema, "Bado yana safari hayo, mwanangu, subiri."

Saa tatu na dakika arobaini na moja simu ikaita. Mwenzangu hakusalimu. "Zinakuja! Mia moja kumi na tano. Mia moja kumi na tatu."

Maji yalikuwa bado yanakwenda zake. Kwa saa moja na nusu, bahari ikiwa chini kabisa, pakiti zimefika moja baada ya nyingine, kisha maji yakageuka, na saa tano na robo zikakatika mara ya pili, kama hesabu ilivyosema. Nimeandika saa zote pembeni ya saa zilizokisiwa Dar. Tofauti kubwa ni dakika 12. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, na mistari hiyo kwenye daftari inaonekana hivyo.

Jumamosi, 21 Septemba

Asubuhi tumekata bomba. Mita 7 zimekuwa 4. Regyuleta mpya imeingia, taa nyekundu imetoka. Nguvu ya redio imerudi 13 dBm, kwa kuwa hakuna tena sababu ya kuinyima.

Nilipofungua konekta ya antena nilikuta ukungu wa kijani kwenye pini ya katikati, chumvi imeingia kwa miezi miwili tu. Mpya tumeizungushia utepe wa mpira na kuipaka mafuta mazito. Kitu hiki nakiandika kwa herufi kubwa kwenye orodha ya kukagua: KONEKTA KILA MIEZI MITATU.

Paneli pia tumeigeuza. Niliielekeza kusini, kama vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinavyoelekeza. Kilwa iko kusini ya ikweta kwa nyuzi 9 hivi, na Julai jua la adhuhuri liko kaskazini yetu. Sasa imelala karibu bapa, imeinama kidogo kaskazini ili mvua iioshe.

Ijumaa, 4 Oktoba

Bamvua la mwezi mwandamo. Siku tatu, pakiti 432 zilizotumwa, 432 zimefika. Dhaifu kuliko zote ni −96 dBm.

Jana kwenye semina nilimwomba fundi wa maabara aeleze yeye sehemu ya maji. Alikataa kupanda mbele, akaeleza akiwa amekaa kwenye kiti chake, kile cha mstari wa pili. Wanafunzi wawili wa kompyuta walimuuliza kuhusu tofauti ya maji ya kusi na ya kaskazi, wakaendelea kumuuliza nje baada ya semina kwisha.

Alhamisi, 24 Oktoba

Bamvua la mwezi mpevu wa tarehe 17 limepita. Pakiti moja tu imepotea kwa wiki nzima, na ni wakati umeme wa Masoko ulipokatika.

Tarehe 19, saa nne na dakika kumi usiku, maji yakiwa chini kabisa, joto la friza lilipanda hadi −9. Ujumbe ulitoka ndani ya dakika hiyo hiyo. Mama Katibu alitoka na tochi, akakuta mfuniko umebanwa na mkia wa nguru. Ameusukuma ndani, amefunga, amerudi kulala. Alinipigia kesho yake kunieleza, na alipomaliza akauliza kama friza ya kikundi cha vijana wa upande wa pili wa kisiwa nayo inaweza kufungiwa.

Kifaa pacha kiko mezani kwangu, kimefanyiwa kila kilichofanyiwa cha kwanza. Kabla ya kukipeleka nahitaji vitu viwili kutoka huko: kimo cha pwani yao juu ya maji, na mtu anayejua yanakupwa mpaka wapi.